Ulf von Euler na Unga wa P

Akitajwa Ulf von Euler, yule Mswidi aliyezaliwa 1905, wengi hukimbilia Tuzo ya Nobel aliyoipata 1970 kwa utafiti wa noradrenalini. Babake naye alikuwa na yake ya kemia, ya 1929. (Na baba kama huyo, mimi ningekosa usingizi!)

Lakini mimi namheshimu kwa jambo jingine. Akiwa kijana huko London, katika maabara ya Henry Dale, yeye na John Gaddum walikamua kitu fulani kutoka ubongo na utumbo wa farasi. Wakakijaribu: utumbo wa sungura ukajikunja, shinikizo la damu likashuka. Asetilikolini? Wapi! Waliweka atropini, ambayo huizuia asetilikolini, na utumbo ukazidi kujikunja tu. Mwaka 1931 wakakitangaza kwa herufi moja, P, kama walivyouandika ule unga wao.

Baadaye von Euler akaonyesha kuwa ni peptidi. Leo twajua P husaidia kupeleka habari za maumivu kwenye uti wa mgongo. Ila kujua imeundwaje hasa kulichukua miaka 40. Kundi la Susan Leeman, Marekani, ndilo lililoipanga minyororo yake, asidi amino 11, mwaka 1971. Mzee alikuwa hai bado, alifariki 1983.