Ida Tarbell na lawama iliyogeuka kuwa sifa

Kwa Kiingereza, mwandishi wa habari anayefukua maovu ya wakubwa huitwa « muckraker », yaani mtu anayechakura uchafu kwa reki. Leo ni jina la heshima. Mwaka wa 1906 lilikuwa lawama ya Rais wa Marekani, na Ida Tarbell alikuwa mmoja wa waliobandikwa jina hilo.

Tarbell alizaliwa tarehe 5 Novemba 1857 katika jimbo la Pennsylvania, na akakulia penye visima vya petroli. Baba yake, Franklin, alitengeneza matangi ya mbao ya kuwekea mafuta, kisha akawa mchimbaji mdogo. Mwaka wa 1872, kampuni za reli zilipatana kwa siri na wasafishaji wachache wa mafuta, akiwemo John D. Rockefeller: wao wapunguziwe bei ya usafirishaji, wengine wabanwe. Wachimbaji waligoma na mpango ukavunjika, lakini wasafishaji wengi walikuwa wamekwisha kumuuzia Rockefeller viwanda vyao.

Ida alimaliza Allegheny College mwaka wa 1880, mwanamke pekee katika promosheni yake. Baadaye aliajiriwa na jarida la McClure's, mjini New York. Alipotaka kuichunguza Standard Oil, kampuni ya Rockefeller, baba yake alimsihi aache, akihofu kwamba wangeliangamiza jarida hilo. Hakuacha. Alisoma majalada ya mahakama na ripoti za bunge, akamhoji hata Henry Rogers, mmoja wa wakubwa wa kampuni yenyewe. Makala zake 19 zilianza kutoka Novemba 1902.

Tarehe 14 Aprili 1906, Rais Theodore Roosevelt alitoa hotuba mjini Washington. Alikubali kwamba maovu yafichuliwe, lakini waandishi wasioona kingine aliwalinganisha na mtu wa kitabu cha John Bunyan cha mwaka wa 1684, aliyechakura taka bila kuinua macho aone taji alilokuwa anapewa. Kilichomkasirisha hasa ni makala za jarida jingine juu ya maseneta, ila jina likawashika wote. Tarbell hakulipenda, alijiona mwanahistoria.

Mei 1911, Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru Standard Oil ivunjwe, nayo ikagawanywa kuwa kampuni 34. Franklin, aliyefariki mwaka wa 1905, hakuiona siku hiyo. Binti yake aliiona, na aliishi hadi tarehe 6 Januari 1944, akiwa na miaka 86.