Edward Steere na Njeo za Kitenzi

Sisi tunaofundisha Kiingereza huku Bariadi twalijua kosa moja lisilotaka kutoka katika madaftari: mwanafunzi kuweka has pamoja na yesterday. Kosa hilo lina asili yake. Katika Kiswahili watu husema baba ameuza pamba jana, wala hapana anayeshtuka. Tumeona vema, basi, kusimulia habari za mtu aliyepita njia hiyohiyo akitokea upande wa pili.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuwa kasisi. Alifika Afrika mwaka 1863 pamoja na Askofu Tozer, na mwaka uliofuata misheni yao ikahamia Unguja. Krapf alikwisha kuandika sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, lakini kwa lahaja ya Mombasa. Steere alijifunza ile ya Unguja kwa kuwasikiliza wenyeji.

Mtu huyu aliyelelewa katika njeo za Kiingereza alikabiliwa na viambishi vidogo vilivyofichwa ndani ya kitenzi: -na-, -me-, -li-, -ta-. Katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870 alivieleza, akivipa majina ya sarufi za Ulaya. Majina hayo hayakukaa sawasawa, nasi hatumlaumu. Kiambishi -me- mara nyingi hutaja hali iliyobaki baada ya tendo: tukisema mtoto amelala, Mwingereza hutumia wakati uliopo. Na -ka- je? Hiyo haina ndugu kabisa katika Kiingereza. Wakati huohuo Steere alichapisha ngano za Unguja alizosimuliwa na wenyeji, na katika ngano ndimo -ka- inamotembea: akaenda, akamwona, akarudi. Twadhani masimulizi hayo yalimfunza mengi kuliko jedwali lolote.

Alifanywa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Alifariki Unguja mwaka 1882, akazikwa humo kanisani.

Nasi tulijaribu ngano. Tuliwapa wanafunzi hadithi ya sungura yenye -ka- tupu, waigeuze kwa Kiingereza. Walishika wakati uliopita tangu mwanzo hadi mwisho, na has haikuonekana. Kesho yake tukarudi kwenye sentensi mojamoja za ubaoni, na has ikarudi nazo.