Audrey Hepburn: binti wa mama Muholanzi aliyecheza sista kule Stanleyville

Kuna Hepburn wawili katika historia ya filme zilizopigwa kule Kisangani, na watu wanawachanganya mara mingi. Wa kwanza ni Katharine, Mumarekani, aliyekuja mwaka wa 1951 kucheza The African Queen pamoja na Humphrey Bogart, kwenye muto Ruiki, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Wa pili ni Audrey, aliyefika mwanzoni mwa 1958. Hawana undugu hata kidogo. Ndugu wasomaji, leo tunaeleza maisha ya huyu wa pili.

Audrey alizaliwa Bruxelles, tarehe 4 Mei 1929. Mama yake, Ella van Heemstra, alikuwa wa jamaa kubwa ya Uholanzi: mzee wake alikuwa bourgmestre wa muji wa Arnhem, kisha gavana wa Suriname. Baba yake alikuwa na karatasi za Uingereza, na ndiyo maana Audrey naye aliandikwa Muingereza. Wazazi wote wawili walikuwa wakipenda siasa ya wafashisti katika miaka ile, jambo lenye Audrey hakupenda kulisema wazi. Baba aliacha nyumba mwaka wa 1935, akaenda zake. Mutoto alikuwa na miaka sita.

Vita ilipoanza mwaka wa 1939, mama alimutosha Audrey Uingereza na kumupeleka Arnhem. Aliwaza kama Uholanzi haitaingia katika vita. Lakini mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliingia, na jina la Kiingereza likawa hatari, basi akaitwa Edda van Heemstra. Mwaka wa 1942 Wajerumani walimupiga risasi mume wa mama yake mukubwa, Otto van Limburg Stirum, yeye na wengine waliokamatwa kuwa mateka, juu ya kosa ambalo hawakulitenda. Ndugu yake mumoja alipelekwa Berlin kwa kazi ya nguvu. Hapo ndipo mama naye alibadilika kabisa. Audrey, aliyekuwa anajifunza densi ya ballet, alikuwa anacheza katika nyumba zenye madirisha yamefungwa, na feza zilizopatikana zilikuwa zinasaidia wale waliokuwa wanapinga Wajerumani kwa siri.

Kisha ikakuja njaa. Mwezi wa Septemba 1944 wafanyakazi wa treni za Uholanzi waligoma ili kusaidia jeshi la Waingereza na Wamarekani, na Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kisifike katika miji. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali. Watu karibu 20 000 walikufa. Audrey na jamaa yake walikuwa wamekimbilia Velp, karibu na Arnhem. Watu walikuwa wanakula vitunguu vya maua ya tulipe, vile vya kupanda, maana hakukuwa kingine. Miguu yake ilivimba, damu ikapungua. Wenye wamepita katika kambi za wakimbizi hapa kwetu hawana lazima ya kuelezwa zaidi. Velp ilikombolewa mwezi wa Aprili 1945, na misaada ya shirika la UNRRA ikafika.

Njaa ile ndiyo ilimufanya kuwa muchezaji wa filme, mutu anaweza kusema hivyo. Alienda London mwaka wa 1948 kujifunza ballet kwa Marie Rambert, lakini aliambiwa kama hatafika juu kabisa: alikuwa mrefu, na mwili ulikuwa umezoofika miaka ya vita. Akageukia teatre na sinema. Mara ya kwanza alionekana katika filme ya Uholanzi ya 1948, fasi ndogo tu ya musichana wa ndege. Kisha mwandikaji Mufaransa Colette alimuona kule Monte Carlo, akataka yeye ndiye acheze Gigi kule New York. Mwaka wa 1953 filme Roman Holiday, wenye kusema Kifaransa wanaijua kwa jina Vacances romaines, ilimupatia Oscar. Alikuwa na miaka 24.

Sabrina, War and Peace, Funny Face, zote zilifuata upesi. Lakini yenye kutuhusu ni The Nun's Story, ya Fred Zinnemann, iliyotoka mwaka wa 1959. Inaeleza habari ya sista Mubelgiji, munganga wa wagonjwa, anayetumwa Kongo. Ilitoka katika kitabu cha Kathryn Hulme, na kitabu kilitoka katika maisha ya mutu wa kweli, Marie Louise Habets, aliyefanya kazi hapa Kongo katika miaka ya 30 kisha akaacha usista. Audrey alikutana naye mbele ya kazi kuanza, na walibakia marafiki.

Walipiga filme Stanleyville, na pia Yakusu, ukiteremuka muto kidogo, kwenye misioni ambako munganga Stanley Browne alikuwa anatunza wagonjwa wa ukoma. Ukiangalia filme leo, mambo mawili yanashangaza. Kwanza inaonyesha wazi kama kulikuwa hospitali ya wazungu na ingine ya weusi, na sista anaumia moyo kwa sababu anawekwa kwa wazungu. Filme haikuficha. Lakini pia, Wakongomani wakubwa wa filme hawakuwa Wakongomani: Kalulu alichezwa na Orlando Martins wa Nigeria, Illunga na Errol John wa Trinidad. Watu wa Stanleyville walibakia kuwa kundi la nyuma, bila jina. Na Mukongomani mumoja anaua sista juu ya kusikiliza mulozi! Miaka ile Lumumba alikuwa amekwisha kufanya kazi ya posta katika muji uleule. Hakuna hata harufu ya siasa hiyo katika filme, na uhuru ulikuja mwaka moja tu kisha filme kutoka.

Hata hivyo Audrey mwenyewe anacheza muzuri sana, kwa macho tu, sababu vazi la sista linafunika yote mengine. Kwa mawazo yangu inapita hata Breakfast at Tiffany's ya 1961, yenye ilimupatia sifa kubwa zaidi. Filme ilitajwa kwa Oscar nane, haikupata hata moja.

Kisha My Fair Lady ya 1964, ambamo sehemu kubwa ya nyimbo ziliimbwa na mutu mwingine, na Wait Until Dark ya 1967, alipunguza kazi ili kulea watoto wake wawili. Alirudia mara kwa mara. Filme ya mwisho ni Always ya Steven Spielberg, mwaka wa 1989.

Wakati ule alikuwa amekwisha kuingia kazi ingine. Mwaka wa 1988 alienda Ethiopia kwa ajili ya UNICEF, akaona watoto wa njaa kule Mekele. Septemba 1992 alienda Somalia, katika vita. Alirudi Uswisi akiwa mugonjwa wa kansa ya tumbo, na alikufa nyumbani kwake Tolochenaz tarehe 20 Januari 1993, akiwa na miaka 63. Kaburi lake liko katika kijiji kile, na musalaba mweupe.