Midhat Pasha: Liwali aliyeleta Bunge akafia kifungoni

Katika mji mkongwe wa Damascus, huko Shamu, kuna soko la kale lenye paa ambalo wenyeji huliita Soko la Midhat Pasha. Watu huuza na kununua humo kila siku, na wengi wao hawana habari za mwenye jina hilo. Bwana huyo alikuwa liwali wa nchi hiyo tangu mwaka 1878 hadi 1880. Kabla ya hapo alikuwa Waziri Mkuu wa Dola ya Uthmaniya, na ndiye aliyeipigania Katiba ya kwanza ya dola hiyo mpaka ikatangazwa. Katiba hiyo ilikuwa na ufa mmoja. Yeye aliuona, akanyamaza, na ufa huo ndio uliomwangamiza.

Midhat Pasha alizaliwa Istanbul mwaka 1822. Baba yake alikuwa kadhi, naye mwenyewe aliihifadhi Kurani yote angali mtoto. Akaingia serikalini akiwa karani kijana, akapanda cheo baada ya cheo kwa bidii yake ya kazi.

Mwaka 1864 alifanywa liwali wa wilaya mpya ya mto Danube, katika nchi ambayo leo ni Bulgaria. Huko alijenga barabara na madaraja, akafungua shule za mayatima, Waislamu na Wakristo pamoja. Wakulima waliokuwa wakinyonywa na wakopeshaji wa riba kubwa aliwaanzishia mifuko ya kuwakopesha kwa masharti nafuu. Hakuwa malaika. Wabulgaria walipoasi aliwakandamiza kwa mkono mzito, na baadhi yao wakanyongwa. Lakini alianzisha jambo lililokuwa geni: mabaraza ya wilaya yenye wajumbe waliochaguliwa, wa dini mbalimbali, wakae na liwali na kushauriana naye. Alipohamishiwa Baghdad mwaka 1869 aliendelea na mwendo huo huo, tena akaanzisha gazeti la kwanza la mji huo, lililoitwa Zawra.

Wakati huo mambo ya Istanbul yalikuwa yakiharibika. Sultani Abdulaziz alijenga makasri na kununua manowari kwa fedha za mkopo, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Waziri aliyethubutu kumpinga alifukuzwa. Midhat mwenyewe alipewa uwaziri mkuu mwaka 1872, akaondolewa kabla ya kutimiza miezi mitatu. Mwaka 1875 dola ilishindwa kulipa madeni yake kikamilifu.

Waandishi na wasomi wa siku hizo walikuwa wamekwisha kutoa hoja nzito. Walisema kuwa kushauriana si jambo la kuazima Ulaya, kwani shura imeamrishwa katika Kurani, na mtawala asiyeshauriana na watu wake ndiye aliyeiacha njia. Mwezi wa Mei 1876 wanafunzi wa madrasa za Istanbul waliingia mabarabarani kwa maelfu, wakataka Waziri Mkuu na Sheikh ul-Islam waondolewe, na wakaondolewa. Mwisho wa mwezi huo huo Sultani naye akauzuliwa kwa fatwa, na Midhat alikuwa miongoni mwa waliopanga jambo hilo. Siku chache baadaye Abdulaziz alikutwa amekatwa mishipa ya mikono. Madaktari walithibitisha kuwa alijiua.

Akatawazwa Murad wa Tano, lakini akili yake ikashindwa kustahimili. Mwezi wa Agosti akafuata ndugu yake, Abdulhamid wa Pili, aliyekuwa amemwahidi Midhat kwamba akipewa kiti atatoa Katiba.

Kamati ya mawaziri, maulamaa na waandishi ikaanza kazi. Katika kujadiliana, upande wa Sultani ukatoa sharti. Kifungu cha 113 kiongezwe maneno ya kumpa Sultani peke yake haki ya kumfukuza nchini mtu yeyote ambaye polisi wamemtaja kuwa hatari kwa usalama wa dola. Hapakutajwa kesi wala kadhi. Namık Kemal, mshairi na mwanakamati, alipinga vikali. Midhat alihofia kwamba wakishupaa Katiba yote itakufa. Akakubali, kwa kuona kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili. Alifanywa Waziri Mkuu, na tarehe 23 Desemba 1876 Katiba ikatangazwa kwa mizinga.

Wiki saba hazikufika. Tarehe 5 Februari 1877 Midhat aliitwa kasri, akanyang'anywa muhuri wa uwaziri, akapakiwa katika meli na kupelekwa uhamishoni Ulaya. Sheria iliyotumika ilikuwa kifungu cha 113. Hata Katiba haikuvunjwa, ilifuatwa.

Bunge lilifunguliwa bila yeye, tarehe 19 Machi 1877. Wajumbe walichaguliwa na yale mabaraza ya wilaya ambayo yeye alikuwa mmoja wa waasisi wake. Walikuwapo Waislamu, Wakristo na Mayahudi. Waturuki, Waarabu, Waarmenia na Wagiriki. Wengi walidhani watu hawa watakuwa wa kuitikia tu. Badala yake waliuliza habari za fedha, za rushwa na za uzembe wa makamanda katika vita na Urusi. Februari 1878 Sultani aliwaita baadhi yao washauriane juu ya vita hivyo. Mjumbe mmoja wa Istanbul, mkuu wa chama cha mafundi, akamweleza waziwazi kwamba ushauri umeombwa wakati umekwisha kupita. Kesho yake Bunge likafungwa. Lilikaa limefungwa miaka 30, na miaka yote hiyo Katiba ikiendelea kuchapishwa katika kitabu cha mwaka cha serikali, kana kwamba ingali inatumika.

Midhat aliruhusiwa kurudi, akapewa uliwali wa Shamu, kisha wa Izmir. Hiyo haikuwa salama. Mwaka 1881 alikamatwa, akashitakiwa kuwa alimuua Sultani Abdulaziz, na kesi ikasikizwa katika viwanja vya kasri la Yildiz, nyumbani kwa Sultani mwenyewe. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha katika ngome ya Taif, karibu na Makka. Huko ndiko alikonyongwa mwaka 1884.

Mwaka 1908 maofisa wa jeshi na watu waliochoka walimlazimisha Abdulhamid kulifungua Bunge tena, kwa Katiba ile ile ya 1876. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliuzuliwa, na Bunge likakifanyia marekebisho kifungu cha 113, likaifuta haki ya Sultani ya kuwahamisha watu. Mifupa ya Midhat Pasha ililetwa Istanbul kutoka Taif mwaka 1951, ikazikwa kwa heshima.

Wazee wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Midhat alijenga nyumba kubwa kwa ajili ya wengi, akaacha ufa mmoja kwa ajili ya mkubwa, akitumaini kwamba mkubwa hatautumia. Ukuta ukaja kujengwa na wengine baada ya miaka zaidi ya 30, yeye akiwa kaburini.