Jeevanjee: Aliyewekeza Nairobi Ikiwa Bado Matope

Kama unaishi Tuala au Kitengela na kazi zako ziko tao, bila shaka umewahi kupita Jeevanjee Gardens. Jina unalijua. Je, mwenye jina unamjua?

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika: alifanya biashara India, akafika hadi Australia, kisha mwaka 1890 akatua Mombasa na kufungua kampuni.

Sasa hebu angalia hali ya soko wakati huo. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Wamaasai, hata hapa kwenye nyanda za Kajiado. Mwishoni mwa miaka ya 1890 ukaja ukame, na njaa ikafuata. Serikali ya Uingereza ilitaka kujenga reli hadi Ziwa Victoria, lakini kule London kuna wabunge walioona ni pesa za kutupwa porini. Ungeweka mtaji wako hapo?

Jeevanjee aliweka. Alichukua kandarasi ya kuleta vibarua kutoka India na kuwalisha kambini. Hakungoja reli iishe ndipo atafute wateja. Alijiuliza wajenzi wanahitaji nini leo, akawaletea. Lakini tusipake rangi: reli hiyo ilikula watu. Kati ya Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa na waajiri mbalimbali, karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa magonjwa. Utajiri wa reli ulikuwa na jasho la watu ambao majina yao hayajaandikwa kwenye bustani yoyote.

Mwaka 1899 reli ilivuka nyanda za Athi, si mbali na Kitengela ya leo, ikafika Nairobi. Mji wenyewe ulikuwa mahema, mabati na kinamasi. Mwaka 1902 tauni ilizuka na wakuu wakachoma soko la Wahindi. Mfanyabiashara mwingine angefunga virago arudi Mombasa. Yeye alizidi kujenga: majengo, soko, na mwaka 1906 bustani iliyo wazi kwa watu wa mji. Kabla ya hapo, mwaka 1901, alikuwa ameanzisha gazeti Mombasa, African Standard. Aliliuza mwaka 1905, na ndilo lililokuja kuwa The Standard unalolijua.

Ujasiri wake haukuishia kwenye pesa. Serikali iliyompa kandarasi ndiyo hiyo iliyowatengea Wazungu ardhi nzuri ya nyanda za juu na kuwabagua wengine. Angeweza kunyamaza ili asiharibu biashara. Badala yake, kufikia 1910 alikuwa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria, na alisafiri hadi London kupinga ubaguzi huo waziwazi. Kumkosoa mteja wako mkubwa si mchezo.

Je, alikufa tajiri? La. Mali yake ilipungua sana miaka ya mwisho, na alifariki Nairobi mwaka 1936. Kilichobaki ni kile alichowapa watu. Mwaka 1991, mpango wa kujenga juu ya bustani ile ulipotokea, familia yake na wakazi wa Nairobi walisimama wakaupinga hadi ukakwama.

Kwa hiyo wewe mwenye kibanda cha simu, saluni au duka la chakula cha mifugo, ukisikia kila mtu anasema mwaka huu ni mgumu, usikimbie na usirushe pesa ovyo. Uliza majirani wanahitaji nini katika ugumu huo huo, uwahudumie kwa haki. Faida inaweza kuja na kuondoka. Jina huwekwa na wale uliowajali.