Lord Delamere: Mlowezi aliyejua siri ya nauli ya reli

Ukila ugali wa Jogoo, jua kwamba kampuni ya Unga inayousaga ilianzishwa mwaka wa 1908 na mlowezi Mwingereza, Lord Delamere.

Jina lake halisi ni Hugh Cholmondeley, aliyezaliwa 1870. Alifika huku mara ya kwanza 1897 akiwinda, akitokea Somalia. Mwaka wa 1903 alikodishwa na serikali ekari 100,000 kule Njoro, ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai. Mwanzoni mambo yalimwendea kombo. Kondoo walikufa, ngano ikaliwa na ugonjwa wa kutu. Jamaa akakopa, akaanza upya.

Lakini kuvuna ni kitu kimoja, kufikisha gunia Mombasa ni kingine. Nauli ikiwa juu, faida yote inabaki kwa reli. Reli ilikuwa ya serikali, kwa hivyo nauli ilipangwa ofisini. Walowezi, Delamere akiwa kinara wao katika Baraza la Kutunga Sheria, waliikazania serikali.

Na walisikizwa. Miaka ya 1920, mahindi ya kuuzwa ng'ambo yalibebwa kwa bei ya chini, bila kujali umbali. Hapa Eldoret, au Sisibo kama wazee walivyopaita, reli ilifika 1924. Mombasa iko zaidi ya kilomita 800, kwa hivyo wakulima wazungu wa Uasin Gishu waliokolewa na bei hiyo.

Sasa, nani aliziba pengo? Bidhaa za kutoka nje, kama vile nguo walizonunua Waafrika, zilitozwa zaidi. Uganda nayo ililalamika kwamba pamba yake ndiyo inayobeba mahindi ya Kenya. Tangu 1926, mwenye usemi wa mwisho kuhusu reli ya nchi zote mbili alikuwa Gavana wa Kenya.

Delamere alifariki Novemba 1931, akiwa na madeni makubwa ya benki. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza hilo 1944, miaka 13 baadaye. Wakati huo wote, mama aliyenunua shuka alikuwa akilipia gunia la mwenzake bila kuulizwa.

Kwa hivyo ukisikia mjadala wa nauli ya mizigo leo, usipite tu. Uliza ni nani yuko mezani, na nani analipa.