Torchy Aliumia, Akaendelea na Safari

Muhula uliopita niliachwa kwa meseji, wiki mbili kabla ya UE. Bumu limekata, chumbani tuko wanne, kulia mpaka wenzako walale. Katika kuhangaika huko ndipo nilipokutana na Jackie Ormes, mchoraji wa katuni wa Marekani aliyefariki mwaka 1985.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1911, akaitwa Zelda Mavin Jackson. Alipokuwa na miaka sita, baba yake alifariki kwa ajali ya gari. Kuchora alijifunza zaidi mwenyewe. Mwaka 1937 gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, lilianza kutoa hadithi yake ya picha kuhusu Torchy Brown, binti wa Mississippi aliyekwenda New York kutafuta maisha jukwaani. Jackie anahesabiwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kufanya kazi hiyo kitaalamu.

Aliolewa na Earl Ormes, wakapata mtoto mmoja tu, Jacqueline. Alifariki kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka mitatu. Mwaka 1945 Jackie akaanza kumchora Patty-Jo, katoto kenye mdomo, kasiyeogopa kusema siasa mbele ya dada yake. Mwanasesere wa Patty-Jo akaingia madukani mwaka 1947. Mimi kila nikimwona Patty-Jo, namwona Jacqueline.

Mwaka 1950 Torchy alirudi, safari hii kwa rangi. Wakati huo katuni za mapenzi zilikuwa zimeshika kweli Marekani. Nyingi ziliishia palepale: binti analia, anapata mwanaume, basi. Na binti mweusi, kama yumo, mara nyingi ni mtumishi wa mtu. Torchy alikuwa tofauti. Ni mrembo, anavaa akapendeza, anapenda, anaumia, anainuka anaendelea na safari. Akampata daktari, Paul Hammond, lakini hakukaa kumtazama tu usoni. Walipambana pamoja na kiwanda kilichokuwa kinawatilia watu weusi sumu katika mji wao. Hadithi ilimalizika mwaka 1954.

Miaka hiyo FBI ilikuwa inamfuatilia Jackie, na faili lake lilifika kurasa 287. Yeye aliendelea kuchora mpaka baridi yabisi ilipomkamata mikono.

Wenzangu, sisemi mapenzi ni upuuzi. Jackie mwenyewe hakusema hivyo, maana Torchy alipenda kila mara kwa moyo wote. Ila ukurasa uliofuata alikuwa na kazi ya kufanya.

Mimi nilisapu somo moja, nimelifuta Septemba. Namba ya yule bwana bado ninayo. Siipigi.